Dashibodi Niliyoifungua Mwenyewe

Baba alipofariki alituachia gari moja kuukuu, na kaka yangu mkubwa akataka liuzwe hata matanga hayajaisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikiliendesha, nikishusha kabichi na viazi kutoka kwetu Werugha, mlimani, hadi Voi, na siku nyingine mpaka kwa akina mama wa vibandani pale Miasenyi. Nikasema haliuzwi. Tukabishana mbele ya mama hadi kaka akatoa sharti lake.

"Sawa, kaa nalo. Lakini siku litarudi hapa likivutwa na kamba, naleta mnunuzi."

Mimi nikakubali papo hapo, kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira zangu huwa hazingoji ushauri.

Ugonjwa wa lile gari ulikuwa dashibodi. Taa za ndani zilikufa zamani, na jua la Voi lilikuwa limefuta namba zote. Alfajiri, ndani ya ukungu, nilikuwa nikiteremka kona zile bila kujua mwendo wangu wala joto la injini. Nilisikiliza tu. Basi nikanunua Voi seti ya sura mpya za geji, zile karatasi nyembamba za plastiki zenye namba, ambazo hukaa nyuma ya mishale na kuwaka zenyewe, rangi ya buluu. Fundi wa umeme wa magari aliyekuwa pale dukani akanitazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Mama, hiyo si kazi ya kuchezea. Leta gari, uniachie, wewe uende soko."

"Nitafunga mwenyewe."

"Utachoma waya zote, halafu uniletee nikiwa na kazi mingi."

"Sitakuletea."

Na sikumpelekea. Jumapili baada ya ibada nilianza kazi hapo hapo uani, gari likiwa limeegeshwa kama yanavyoegeshwa magari yote ya kwetu: pua ikitazama mlima, mawe mawili nyuma ya magurudumu. Nikatoa waya wa betri, nikafungua skurubu, nikavuta geji zote nje na kubandua kioo chake. Mishale niliing'oa kwa vijiko viwili vya chai vya mama, polepole, pumzi nimeibana. Nikalaza sura mpya juu ya zile za zamani. Kijisanduku cha kuziwasha kilikuwa na waya mbili. Mwekundu niliuunga na waya wa taa ndogo, mweusi nikaukaza kwenye chuma cha bodi, nikazungushia tepu. Nilipourudisha waya wa betri na kuwasha taa, dashibodi yote ikawaka buluu. Nilipiga kigelegele peke yangu ndani ya gari, na sioni aibu kusema hivyo.

Ikabaki kurudisha mishale. Wa mwendo haukuwa na shida, maana gari limesimama. Wa joto pia, injini ilikuwa baridi. Wa mafuta nilikuwa nimesahau kuuwekea alama kabla ya kuung'oa, lakini nilijua tangi lina nusu, mafuta niliyamimina mwenyewe kwa mtungi. Nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikaubandika kwenye nusu.

Kesho yake nikateremka, na nilipofika Voi mshale wa mafuta ulikuwa umepanda badala ya kushuka. Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nilifurahi, nikadhani gari limenikubali. Nikaenda na kurudi, nikivipa kisogo vituo vya mafuta, hadi Alhamisi. Siku hiyo, nikikaribia Miasenyi, mshale ukionyesha robo nzima, gari likakohoa mara mbili likazima. Nikagonga tangi kwa ngumi. Tupu.

Nilimtuma mtu wa boda boda petroli, nikakaa kando ya barabara nikitazama ile robo ya uongo. Hapo ndipo akili iliponijia. Sisi wa mlimani hatujui gari lililosimama sawasawa. Shamba letu limeinama, uwanja wa kanisa umeinama, hata vitanda vyetu tunaviwekea vibao. Pale uani mafuta yalikuwa yamekimbilia nyuma ya tangi, boya linaloyapima likaning'inia chini huko mbele, na mimi nikaubandika mshale kwenye nusu kana kwamba boya liko mahali pake. Nilijitukana vya kutosha. Kisha nikachukua bisibisi, nikaanza kufungua dashibodi upya.

Barabara ile ina macho mengi. Kabla petroli haijafika, kaka akatokea na pikapu ya kuazima, kamba begani.

"Pole, dada. Rudisha hivyo vitu, nikuvute."

"Hunivuti."

"Hata ukiweka mafuta, hiyo mapambo yako itakuangusha tena."

"Basi funga kamba, lakini utanivuta nikiwa nimekanyaga breki mpaka Werugha."

Akacheka kidogo, akaona sicheki. Mwenye boda boda alipofika na mtungi, nikamwambia asimimine kwanza, na wote wawili wakanitazama kama mwenda wazimu. Lakini lini tena ningepata tangi tupu kabisa, kwenye barabara iliyolala kama meza? Nikafungua swichi, nikaung'oa mshale, nikaubandika chini kabisa, pale penye tupu. "Sasa mimina." Mafuta yakaingia, na mshale ukainuka taratibu, unene wa kidole, ukatulia. Kaka aliinama dirishani akautazama muda mrefu.

Tulirudi mimi mbele, yeye nyuma na pikapu yake. Ukungu ulitukuta kwenye kona za mwisho nikawasha taa, na kwa mara ya kwanza nilipanda ule mlima nikiona kila kitu. Mama alikuwa mlangoni. Aliiona kamba ya kaka bado imekunjwa ndani ya pikapu. Aliingia chumbani, akatoka na logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, aliyokuwa akiificha tangu msiba, akaniwekea mkononi mbele ya kaka.

"Na dashibodi ikidanganya tena?" kaka akamuuliza mama, si mimi.

Nilijibu mimi. "Nitafungua tena."