Jina la Marehemu Kwenye Kompyuta, na Posa ya Binti Yangu

Admin, ukiipandisha habari hii naomba usilitaje jina langu. Mimi ni baba wa miaka sitini na ushee, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga.

Miaka ile ya ruksa, mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa, nilikuwa natunza kompyuta kwenye kiwanda kimoja pale mjini. Niliandika skripti, yaani faili la maagizo. Kila asubuhi ilikuwa inaita programu nyingine za mashine moja baada ya nyingine, inakamata majibu yao na kuniwekea niyasome nikifika. Programu mojawapo ilikuwa inataja nani kaingia kwenye mfumo, na kutokea ofisi gani.

Asubuhi moja nikakuta jina la Bakari. Bakari alikuwa karani wa utumishi, na tulikuwa tumeshamzika. Kutazama vizuri, aliyelitumia jina lake alikuwa ofisini kwa meneja. Nikaongeza agizo jingine kwenye skripti, iniletee na majina ya mafaili yanayofunguliwa. Kesho yake jibu likaja: faili la miaka ya kazi ya wafanyakazi. Miaka ya watu ilikuwa inapunguzwa, ili kiwanda kikishauzwa walipwe mafao kiduchu.

Nilimwambia fundi Ali, kiongozi wetu wa wafanyakazi. Akaenda kumuuliza meneja uso kwa uso. Siku hiyo hiyo akakamatwa, eti kaiba vipuri. Nami nikaitwa, kwani kompyuta nilizitunza mimi. Meneja hakufoka. Alinikaribisha kiti, akaniamuru nifute skripti na majibu yake yote mbele ya macho yake, kisha akasema taratibu, "Mkeo ni mjamzito, na nyumba yenu ya Makorora naijua. Kila mtu achunge chake."

Nikafuta. Nikamchukua mke wangu tukahamia kijijini Moa kwa wajomba zangu, nikashika jembe. Yeye nilimwambia nimepunguzwa kazi, na mpaka leo anajua hivyo. Fundi Ali alitoka rumande kakonda, akafa hajapata haki yake. Bodaboda ikisimama mlangoni bila kutarajiwa, mimi moyo hunipasuka.

Sasa kitinda mimba wangu kapata mchumba huko mjini. Juzi wakaja na posa. Natoka kuwapokea, baba wa kijana ni yule yule meneja, mzee wa kanzu na tasbihi. Nilimwamkia shikamoo kabla akili haijanirudia. Akaitikia marahaba, akaushika mkono wangu asiuachie, akaninong'oneza, "Binti yako atakuwa mikononi mwangu. Usiwe na wasiwasi."

Tangu hapo silali. Sijui lile lilikuwa neno la mtu aliyetubu, au ni kitisho kile kile. Mke wangu anashangilia, binti kampenda kijana, na kijana mwenyewe sijamwona na ubaya. Nikisema, sina ushahidi wowote. Nikinyamaza, namkabidhi mwanangu kwenye nyumba ile. Wanataka jibu Ijumaa baada ya swala. Ndugu zangu mnaosoma, mngekuwa ninyi ndio mliokaa barazani kwangu Ijumaa hiyo, mngewajibu nini?