Arubuni Haipotei

Karani mwenzangu, anayekata tiketi za meli za matembezi, huifuta kibodi kwa kiganja kabla hajaanza kuandika, kisha hulainisha sauti kama anayebembeleza mtoto: “Msijali, tunaisogeza mbele tu. Arubuni haipotei.” Fundi saa mmoja na mkewe, waliotanguliza sehemu ya nauli kama arubuni, amewasogezea safari yao miaka nenda miaka rudi: mara kazi zimembana fundi, mara mjukuu kazaliwa.

Leo alimwona fundi mlangoni, akavuta viti viwili kama kawaida. “Shikamoo, baba. Tunaisogeza tena?”

“Marahaba, mwanangu. Leo isogeze huku karibu, iwe mwezi ujao. Nitakwenda peke yangu. Mama yako tumemzika.”

Karani akaifuta kibodi, akafuta, akafuta.

“Usilie,” fundi akamtuliza. “Ulisema kweli. Arubuni haikupotea.”