Kapiteni Hakuliliwa

Mwanahamisi binti Hamadi aliuza mikate ya mchele mbele ya gare ya Kindu, yaani stesheni ya treni, na hakuna aliyewahi kumwona akifunika sinia kabla treni haijaondoka, isipokuwa siku za Kapiteni Taldo. Siku hizo alikwenda nyumbani mapema, akaoga, akavaa kikwembe cha Idi, na mteja aliyekuja kuchelewa alijibiwa:

"Kesho. Leo niko na mugeni."

Mgeni mwenyewe alikuwa mtu wa sinema. Kapiteni Taldo alisafiri kati ya nyota ndani ya chombo kirefu chembamba kama mtumbwi, akipigana na watu wasio na macho waliotaka kuiba mwanga wa jua. Picha zake zilikuwa tano. Zilikuja mojamoja, kwa miaka mingi, tangu Mwanahamisi hajaolewa. Zilishuka na treni ndani ya masanduku ya bati na kuonyeshwa mchana katika jumba la wafanyakazi wa reli, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Zilisema Kifaransa. Bruno, mwenye kuendesha mashine, alisimama nyuma akitafsiri kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kila mtu, ya mwanamke na ya adui. Kwenye karatasi Bruno aliitwa Citoyen Lukungu, yaani Raia Lukungu, maana Chama kilichotawala nchi kilikuwa kimekataza majina ya kizungu, lakini ndani ya giza la sinema hakuna aliyekumbuka hilo.

Picha zote tano Mwanahamisi aliziona akiwa na Asumani, mbili kabla ya ndoa, wakikaa mbalimbali kwa heshima, na tatu baada yake. Asumani alikuwa baharia wa meli za kwenda Ubundu, mtu wa maneno mengi. Akirudi nyumbani alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya Bruno: "Fungueni! Nimetoka kwenye nyota, nina njaa!" Na binti yao Riziki alicheka mpaka akalala chini.

Picha ya tano ilimalizika vibaya. Chombo kilipita nyuma ya jua, Kapiteni akamwinulia mkono mkewe Selina aliyebaki duniani, taa za jumba zikawaka. Basi. Asumani alikasirika njia nzima.

"Picha gani hii inaisha bila kuisha?"

Mwaka uliofuata meli ziliharibika na kazi ikapungua, naye akapanda lori la Kampene kutafuta dhahabu. Hakurudi. Mmoja alisema shimo lilimwangukia. Mwingine alisema alimwona Lubutu akiuza chumvi. Kila aliyebanwa maswali alikiri kwamba na yeye alisikia kwa mwingine.

Basi Mwanahamisi akabaki hivyo, si mke, si mjane. Hakuwa mjinga, alijua sinema ni sinema. Lakini moyo hauombi ruhusa kwa akili, na moyoni aliwatia wanaume wawili chungu kimoja. Siku Kapiteni atakapotoka nyuma ya jua, hivi ndivyo alivyomwambia jirani yake Adolphine peke yake, siku hiyo na lori la Kampene litafika na mtu wake. Adolphine hakumcheka. Alisema tu, "Basi wazungu wafanye haraka."

Miaka ikaenda. Riziki akaota matiti. Baada ya Ramadhani moja akaja shangazi Hadidja, dada wa baba yake Asumani, ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo. Akaketi, akanywa maji, akasema:

"Mwanangu, nyumba haikai bila mwanaume. Sudi yuko."

Sudi alikuwa mdogo wake Asumani. Mtu mpole. Ni yeye aliyeleta samaki, ni yeye aliyetengeneza paa lilipovuja, na hakuwahi kuvuka kizingiti bila kupiga hodi. Kwao ilikuwa desturi mdogo arithi mahali pa mkubwa, nyumba na watoto na mke, hata jina. Hilo halikumshangaza Mwanahamisi. Lakini desturi ina mlango wake: matanga kwanza, hitima isomwe, mke akae eda, ndipo maneno mengine yafuate.

"Na matanga?" aliuliza.

"Matanga bila maiti? Tukilia ni kama tunamuua sisi. Sudi aingie tu, polepole. Watoto wa mtaa watamwita Baba Riziki. Watu watazoea."

"Nipeni mpaka Ijumaa, shangazi."

Aliomba Ijumaa kwa sababu asubuhi ile ile alikuwa ameona afishi, tangazo la sinema, ukutani penye gare. KAPITENI TALDO, kwa herufi nyekundu. Alhamisi, saa tisa.

Alhamisi jumba lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani, mbele ya mablanketi. Kwanza zilipita picha za Chama, watu wakapiga makofi kama ilivyotakiwa. Kisha nyota. Kisha chombo. Mwanahamisi alishika mkono wa Adolphine akaukamua kama nguo iliyotoka mtoni. Mlango wa chombo ukafunguka, na akatoka kijana mwenye nywele nyingi na mashavu laini.

"Huyu ni mtoto wake?" Adolphine alinong'ona.

Kijana akasema neno. Bruno akatafsiri:

"Anasema: Mimi ni Kapiteni Taldo."

Mashine iliendelea kutafuna filamu. Kisha mzee mmoja wa reli akapaza sauti kutoka mbele:

"Bruno, umekosea! Tafsiri tena!"

"Sikukosea. Njo jina lake, ndilo hilo."

"Taldo gani? Taldo iko nyuma ya jua!"

"Labda huko jua lilimuchoma, akaota ngozi mupya!"

Watu wakaangua kicheko. Bruno naye, aliyependa kuwa na neno la mwisho, akasema: "Afadhali yeye. Sisi walitubadilisha majina wakatuachia sura. Yeye wamemubadilisha sura wakamuachia jina." Kwa hilo walicheka wakiziba midomo, maana hujui jirani yako wa gizani ni nani.

Mwanahamisi hakucheka. Alikuwa ameduwaa, macho makavu, akingoja Taldo wa kweli atoke mlango uleule amfukuze huyu mdanganyifu. Badala yake akaingia Selina. Naye ni mwingine, kasichana kembamba. Kijana akamwangalia tangu juu hadi chini, na Bruno akasema: "Anamuuliza, wewe ni nani?"

Hapo Mwanahamisi alijikuta amesimama.

"Anamuuliza mke wake jina?"

"Mama, kaa! Tunaona kichwa chako tu!"

"Bruno! Ule wa zamani alikufa?"

"Picha haisemi, mama."

"Kama alikufa, matanga yake yalifanywa wapi? Na kama hakufa, huyu mutoto anarithi nini?"

Jumba zima likapasuka. "Mama Riziki anataka kupika wali wa matanga!" "Mama, tuite, tutakuja na sahani!" Bruno alipunguza sauti, akaongea kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Mama, nimesoma karatasi iliyokuja na sanduku. Wameanza upya. Zile picha tano wanazihesabu kama hazikutokea."

"Hazikutokea?"

"Njo vile wameandika."

Alikaa kwa sababu Adolphine alimvuta kikwembe. Hazikutokea. Yeye aliliona jua lile, alimwona mtu akiinua mkono, alilia mpaka Asumani akampa kofia yake ajifutie. Sasa mtu wa Ulaya ameandika karatasi. Na aliwatazama watu wa Kindu, waliomjua Kapiteni kuliko wanavyowajua wajomba zao, akaona wameshaanza kuegemea mbele. Wanakula karanga. Adui alipotokea, mzee yule yule wa reli alipiga kelele: "Taldo, nyuma yako!" Akimwambia kijana. Bila aibu.

Mwanahamisi alimtazama mzee huyo kwa mshangao zaidi kuliko alivyoitazama picha.

Karibu na mwisho kijana alining'inia kwenye ngazi ya chuma juu ya moto, ngazi ikikatika kidogo kidogo. Jumba lilikuwa limesimama lote. Na katikati ya kelele Mwanahamisi alisikia sauti moja karibu sana, ya mwanamke, ikipita zote:

"Ruka, Taldo! Ruka, mwanangu!"

Ilikuwa sauti yake.

Adolphine alikuwa anamtazama. Mwanahamisi akaketi polepole kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya wageni. Akafumba macho amtafute Kapiteni wake wa zamani. Zilikuja ndevu. Macho hayakuja. Kwa woga akamtafuta Asumani. Ikaja kofia, likaja bega, likaja pengo la meno. Uso wenyewe ulikawia, kama mtu anayeitwa kutoka shamba la mbali, na ulipofika ulikuwa umefifia.

Walirudi nyumbani jua bado kali.

"Dada, ni sinema tu," Adolphine alisema.

"Ndiyo. Saa moja na nusu tu, Adolphine, na Kapiteni wa zamani nimemusahau. Sudi atakaa kwangu miaka."

Ijumaa baada ya swala walikuja wawili, shangazi Hadidja na Sudi. Wakaketi mkekani. Sudi alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na macho yake hayakutoka kwenye vidole vya miguu yake.

"Tumekuja kusikia," shangazi alisema.

"Mimi nataka matanga."

"Tulishasema..."

"Mulisema nyinyi. Mimi sikusema. Nataka hitima isomwe, jina lake litajwe mbele ya watu. Nikae eda, miezi minne na siku kumi, kama mke wa mtu. Baada ya eda mtaniuliza habari ya Sudi na nitajibu kwa mdomo wangu. Lakini hakuna mtu ataingia humu akiitwa Baba Riziki, na Baba Riziki hajaliliwa."

"Toka lini unataka afe? Wewe ndiye ulikuwa unatukataza kusema amekufa!"

"Nilikataza. Nilidhani nikikataza ninamushika. Shangazi, nauita uso wake, hauji. Mimi, mke wake! Mukimuingiza mwingine kimya kimya, Asumani atakuwa mtu ambaye hakutokea."

Shangazi alikuwa mwanamke aliyezika watu wengi, na kila mmoja alimlilia kwa jina. Asumani peke yake alimpita bila kuliliwa, kwa kuhesabu gharama za matanga na kuogopa mkosi. Aligeuka amtazame Sudi, kama vile anataka msaada.

Sudi akauliza, bado akitazama chini:

"Na kama akirudi, shemeki?"

"Akirudi atakuta tulimulilia. Atatucheka, atakula wali wetu. Ni afadhali, kuliko akute tumezoea."

Sudi alitikisa kichwa kukubali. Akaendelea kukitikisa, bila kuacha, na mabega nayo yakaanza. Kisha mtu yule mpole, ambaye sauti yake haikuwahi kuvuka ua, akatupa kichwa nyuma akamlilia kaka yake mkubwa: "Yaya! Yaya Asumani! Yaya wangu!"

Shangazi Hadidja alishtuka nusura aanguke. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa amepaza sauti katika nyumba hiyo. Alimtazama kijana wake, akamtazama Mwanahamisi, kisha mikono yake yenyewe ikafungua kitambaa cha kichwani, akaanza, kwa sauti nzito ya wanawake wa zamani, kumtaja Asumani, na baba yake Asumani, na meli alizozipanda.

Kilio kikatoka hadi barabarani. Majirani wakaja mbio, wengine na mikono yenye unga, Adolphine mbele yao.

"Nani amekufa? Mama Riziki, nani amekufa?"

Mwanahamisi alisimama mlangoni. Neno lilitoka lenyewe.

"Asumani. Bwana yangu."

"Ooo, mama yangu! Lini?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Leo," alisema, na ndipo akaketi kizingitini, akaanza kulia.