Maganda Yaliyogeuka Waridi

Siku niliyochoka kabisa, nilichukua ndoo nzima ya maganda ya risasi nikaimwaga juu ya meza ya supavaiza. Mengine yalitumbukia kwenye chai yake. Sikuomba radhi. Ilikuwa mara ya tatu nimeyatenga yale ya rangi ya waridi, na mara ya tatu namkuta ameyarudisha kwenye mazuri kwa mikono yake mwenyewe.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye klabu ya kulenga shabaha, sisi wanawake watatu tunaokota maganda yaliyokwisha kupigwa, tunayaosha, tunayachambua. Mzee mmoja Mpakistani ndiye anayeyajaza upya ili watu wapige tena. Kabla fungu halijatoka, yeye hupiga machache kwanza, shavu limelala kwenye kitako cha bunduki. "Mpishi lazima aonje," huniambia kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga.

Alinifundisha rangi. Bluu na zambarau shingoni mwa ganda hazina neno, ni alama ya moto wa kiwandani. Weusi ni moshi tu. Lakini waridi, ule wekundu kama ufizi wa mtoto, hapana.

Na huo waridi niliuleta mimi. Lazima niseme. Kwetu sufuria haijaoshwa mpaka ujione uso, na yale maganda yalikuwa yamefifia, yananikera. Nikayaloweka kwenye dawa ya vioo, ile kali inayochoma pua, toka Alhamisi mpaka Jumamosi. Yakatoka waridi, nami nikafurahi hata! Nikampelekea mzee kama mtoto aliyefaulu mtihani. Akachukua koleo, akabana moja. Likavunjika kama biskuti.

"Dawa imekula zinki iliyomo kwenye shaba. Likipasuka ndani ya bunduki, moto unarudi hapa," akasema, akagusa jicho lake.

Nikajaza ndoo moja ya waridi, nikaiweka kando. Supavaiza, Mkenya mwenzangu, akacheka.

"Profesa wa maganda! Ulikuja Qatar kufagia ama kufundisha kemia?"

"Kemia nilipata D, bosi. Lakini hata mtu wa D anaona hii imepasuka."

"Dadangu, mudiri, bosi wetu mkubwa, anataka ndoo sita. Zikiwa tano, nitamwambia ni nani aliyepika ya sita kwa dawa."

Hapo alinishika. Nina barua mbili za onyo kwenye faili. Ya tatu ni tiketi ya kurudi nyumbani, na nyumbani kuna mtoto wa miaka mitatu kwa mamangu, ambaye kila asubuhi nikiwa kwenye basi kutoka Mansoura, mtaa tunakolala, ananitumia sauti: "Mama, leo umefanya nini?" Nimeinama. Mwanangu, leo nimeinama, na kesho nitainama. Nimechoka na joto, nimechoka kuambiwa nishukuru.

Akayarudisha kwenye mazuri, nikayatenga upya, mara mbili. Ya tatu nikaimwaga ndoo mezani pake.

"Haya, okota," akasema, akifuta chai.

Nikaokota ya waridi peke yake, nikayatia kwenye mfuko, nikapanda nayo ghorofani kwenye ofisi ya usalama. Mtu wa mapokezi alikuwa dada wa Tanga.

"Andika kwa Kiswahili, shoga, nitakutafsiria," akaniambia. "Ila hasira iache huku nje."

Nikajaribu. Nikaandika:

"Mimi ndiye niliyeharibu maganda haya kwa dawa ya vioo. Sikujua. Nilipoambiwa, niliyatenga mara tatu, na supavaiza akayarudisha mara tatu akijua. Naomba ndoo zote sita zisijazwe mpaka fundi ayakague maganda moja moja, kwa sababu risasi ya kwanza itapigwa bunduki ikiwa shavuni pake. Sampuli nimeziweka kwenye mfuko, maganda matatu yamepasuka. Kama kuna barua ya onyo, niandikieni ya dawa. Ya ndoo hizi si yangu. Naomba nakala yenye muhuri."