Kambare wa Ukweni Kihurio

Nilishuka Kihurio kwa sababu ya Namkunda. Nilimwona sokoni Myamba akiuza mchele, nikanunua na kurudi kununua mpaka nyumbani wakaniuliza kama tuna harusi. Nilipopeleka posa, baba yake, Mzee Senkondo, alinijibu kwa kifupi: kijana ashuke, avue kambare kwa mikono yake, tule, ndipo tuzungumze. Mimi ni mtu wa milimani. Maji marefu kuliko yote niliyowahi kuingia ni ya karai. Hata hivyo nilimtumia salamu kwamba kuvua ni kazi yangu tangu utotoni.

Alfajiri niliondoka Myamba nimevaa kaptura mpya ya kaki, mshono wa makarani wa Mwingereza, maana nilitaka kuonekana mtu wa maana. Nilipofika Gonja magoti yalikuwa yakitetemeka kwa mteremko. Kutoka hapo ni tambarare, jua na vumbi, na kaptura ikaanza kunichubua mapaja. Niliingia Kihurio nikitembea kama bata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye mvuvi?"

"Ndimi."

Nyuma yake Namkunda aliziba mdomo kwa kanga.

Mchana Mzee alinipeleka kwenye bwawa lake, pembeni ya mashamba ya mpunga, akanipa tenga lisilo na kitako.

"Mtoni kambare hujificha kwenye mizizi, atakusumbua," alisema. "Humu yumo kwenye tope. Chomeka tenga, pitisha mkono kwa juu, mkamate. Angalia miiba yake."

Kisha akaenda zake kujinyoosha kivulini. Nikabaki natazama maji. Yalikuwa meusi, na kila mara kichwa chenye masharubu kiliibuka, kikavuta hewa, kikazama. Niliogopa, tena sana. Ndipo nikaona mlango wa bwawa, umezibwa kwa magogo na udongo, sawasawa na ndiva zetu, yale mabwawa ya kukusanyia maji ya mifereji huko milimani. Ndiva naijua vizuri. Asubuhi tunaizibua, maji yanakwenda mashambani, tope na vyura vinabaki. Nikadhani kambare nao watabaki, niwaokote kama viazi bila kulowesha kaptura.

Nikazibua. Maji yakatoka kwa kishindo, na kambare wote wakatoka nayo mpaka mpungani.

Kabla jua halijazama, kijiji kizima kilikuwa ndani ya mpunga. Akina mama walikuja na vikapu, wazee wakavua kwa kofia zao, na mwalimu wa dini alikunja suruali akaingia huku akimshukuru Mungu. Mzee Senkondo hakuwahi kumgawia jirani hata mkia wa samaki, kwa hiyo watu walikimbiza kambare kwa furaha ya pekee. Jioni kila nyumba ilinukia samaki isipokuwa yake. Mama mmoja wa jirani akatuhurumia, akatuletea bakuli.

"Mkwe wenu ana mkono wa baraka," alisema.

Mzee akala kambare wake mwenyewe kwa kukaribishwa.

Asubuhi alitangaza kwamba atapanda nami Myamba kuonana na baba yangu. Hakusema ni kwa heri au kwa shari, nami sikuthubutu kuuliza. Namkunda alinisindikiza kwa macho, na mara hii hakucheka. Niliumia moyo njia nzima. Katika kupanda ule mlima nilijifunza kwamba mtu akipewa tenga ukweni, avue kwa tenga, na ujuzi wa kwao auache kwao.

Tulipofika Myamba, baba alimpa mgeni kiti na maji ya kunywa, kisha akauliza, "Haya, mwenzangu, kijana ameweza?"

Mzee Senkondo alikunywa maji yote kwanza.

"Binti nitampa," alisema. "Nikimnyima atashuka tena kuposa, na mimi bwawa jingine sina."