Pikapu ya Baba Mdogo Marwa

Kutu iliyolowana mafuta ya taa ina harufu yake, kali na baridi, inayokaa kooni kama kitu ulichokilamba. Msimu ule mji wetu wa Susuni, karibu na mpaka wa Kenya, ulinuka hivyo kuanzia uani hadi kitandani. Mafuta yenyewe yalikuwa ya kibatari chetu. Duka la ushirika liliweza kukaa muda mrefu bila kuyapata, na yale machache tuliyokuwa nayo baba aliyamiminia bolti za pikapu ya mdogo wake ili ziachie, sisi tukala ugali kwa mwanga wa moto wa jikoni. Mama alitua sufuria chini kwa kishindo, nasi tukaelewa.

Pikapu ilikuwa ya baba mdogo Marwa. Baba yangu, Chacha, ndiye aliyekuwa mkubwa, na kwetu mkubwa hutarajiwa kutangulia katika kila jambo. Lakini mdogo alianza mapema kuvusha ndizi na ulezi kwenda kwa jamaa zetu upande wa Kenya, akapata, na mwalimu mmoja mzungu alipokuwa anarudi kwao akamuuzia gari lake. Baba alikuwa mhunzi. Ufundi wa magari aliupatia katika karakana ya misheni, akarudi nyumbani na spana chache na mikono yake, basi. Gari hakuwa nalo, na baiskeli yake haikuwa na breki. Baba mdogo alikuwa na binti wa rika langu, Nyangi. Huyo alikuwa akipita mbele ya nyumba yetu ndani ya pikapu, kiwiko dirishani kama mtu mzima, na mimi nimejitwika ndoo ya maji. Alinipungia mkono kila mara. Afadhali angenizomea.

Siku hizo viongozi walikuwa wakija kutuhutubia juu ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Mmoja wao alisema kuna watu wanaoishi kwa jasho la wenzao, na hao ni kupe. Hakutaja jina, lakini vichwa viligeuka kuitazama pikapu iliyosimama kando ya barabara. Kupe nilimjua vizuri. Nilikuwa nikiwang'oa kwenye masikio ya ndama na kuwaponda kwa jiwe. Nililipenda sana neno lile. Nilirudi nyumbani nikilirudia kimoyomoyo njia nzima, kama wimbo.

Basi niliposikia kwamba pikapu inaoza, nilifurahi. Bodi ya gari kama lile haikai moja kwa moja juu ya chesisi, ile fremu ya chuma ya chini. Hushikwa na vishikio vya chuma viitwavyo braketi, na kati ya chuma na chuma huwekwa raba ili bodi isigonge. Mvua na matope yetu vilikuwa vimezila braketi, raba zimesagika, na bushi za springi, zile raba za mviringo zinazokaa kwenye matundu yake, zimekwisha kabisa. Gari lilipiga kelele kama debe lenye mawe, na kwenye kona mlango ulijifungua wenyewe. Baba mdogo alilileta uwanjani kwetu, akaliacha, akaenda ng'ambo ya mpaka kutafuta bushi mpya.

"Mpaka lini utalala chini ya gari la mdogo wako?" mama alimuuliza baba.

"Mpaka lipone," alijibu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na baba aliinama, akalala, akatambaa. Alilinyanyua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo, akasugua kutu kwa brashi ya waya mpaka nyusi zake zikawa nyekundu. Raba za bodi alizikata kutoka tairi la lori, akichovya kisu majini ili kiteleze. Braketi alizifua upya kwenye moto wake. Bushi zilipofika, zimefungwa kwenye gazeti, nyeusi zinang'aa, alizipaka sabuni ili ziingie kwenye matundu yake, na sabuni hiyo nayo ilikuwa yetu. Nyangi alifuatana na baba yake siku hiyo, amevaa viatu vipya. Mimi nilikuwa napukuchua mahindi. Nilitazama viatu vile, nikawatazama wale wawili wakiondoka, halafu nikatazama miguu ya baba yangu ikiwa imetokeza chini ya gari, nyayo zake zimepasuka.

Kazi ilipokaribia kwisha, baba aligundua braketi nyingine mbovu, nyuma ya kiti, mahali ambapo hata ukiinama hupaoni. Aliigonga kwa nyundo, ikamomonyoka kama mkate mkavu. Chuma kilikuwa kimemwishia. Alibaki chini kule.

"Baba," nilimwambia, "si haionekani?"

"Haionekani."

"Basi iache."

Nilisikia pumzi yake tu. Moyo wangu ulikuwa unadunda kwa raha, maana nilidhani na yeye anawaza ninachowaza mimi: bodi inapinda, mlango unafunguka, baba mdogo anatembea kwa miguu kama sisi. Baadaye akatoka, akapita pembeni yangu, akaenda ghalani na kurudi na bamba la plau letu la akiba. Mama alimwona.

"Baba Bhoke, hilo ni plau letu."

"Najua."

"Unalikata kwa ajili ya nani?"

"Upande huo ndiko anakokaa Nyangi," alisema, akaliweka bamba motoni.

Mama aliingia ndani. Mimi nilibaki na gunzi mkononi. Viatu nilikuwa nimevizoea, na gari pia, lakini sikuwa nimewahi kufikiri kwamba baba yangu, akiwa chini kule gizani, alikuwa na mtoto mwingine wa kumwaza. Wivu wa siku ile ulipita ule wote wa nyuma. Nililia nyuma ya ghala, na baba aliponiuliza nimepatwa na nini, nilimwambia moshi.

Muda si mrefu tukahamia kijiji kile cha ujamaa. Pikapu ilituhamisha sisi pamoja na majirani: milango, vyungu, kuku waliofungwa miguu. Mimi niliwekwa mbele, nikabanana na Nyangi, na baba akapanda nyuma juu ya magunia. Gari lilipita kwenye mashimo bila kugonga wala kulia. Usione vyaelea, vimeundwa. Njiani ofisa mmoja alitusimamisha, akaipigapiga bodi, akasema gari limekuwa zima.

"Nimelitengeneza," akajibu baba mdogo. "Limenisumbua, lakini nimelitengeneza."

Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Baba alisikia. Tulipofika na kushusha mizigo nilimfuata, nikamuuliza kwa nini hakusema kitu. Alikuwa anafungua kamba za kuku.

"Ningesema nini?" aliniuliza. Kisha, bila kunitazama: "Kila nati niliyokaza pale, Bhoke, nilitamani liwe langu."

Hakulirudia jambo hilo tena maishani mwake, na hakupata gari. Ndugu hao wawili walizeeka wakitembeleana, na sote tulisahau pikapu iliuzwa kwa nani.

Leo lami imefika hadi Sirari mpakani, na bushi za gari lolote zinaning'inia madukani kama ndizi. Mimi naishi Musoma; nina gari dogo ambalo fundi hulitengeneza nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikisoma simu. Mwaka jana nilikwenda nalo Susuni, kwa kaka yangu aliyerudi kujenga kwenye mji wetu wa zamani. Watoto walilizingira, wakaombana zamu ya kukaa mbele, isipokuwa binti yake mmoja, wa umri kama niliokuwa nao wakati wa pikapu. Alisimama mbali, karibu na zizi, mikono nyuma. Nilimwita.

"Shikamoo, shangazi," alisema, macho kwenye gari.

"Marahaba. Njoo upande, tuzunguke mpaka barabarani."

"Hapa panatosha."

Wenzake walimcheka, na kaka akaanza kumkaripia kwamba hana adabu. Nilimwambia amwache. Niliwazungusha wale waliotaka, nikarudi, na yeye alikuwa bado pale pale. Sikumwita mara ya pili.