Wimbo wa Mama Chuma

Juzi nilikuwa sokoni nikichagua viazi, na kijana mmoja wa mkokoteni aliyekuwa akingoja mzigo akaanza kugonga mtungi mtupu wa plastiki kwa vidole. Du. Du. Kimya kidogo. Du, du. Kijana wa watu alikuwa anajiliwaza tu, lakini mimi viazi vikaniponyoka mikononi. Mwenye viazi akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko Rhonda, mtaa wa Nakuru, na watoto wako nyuma yangu.

Nilishuka Nakuru mwanzoni mwa 2007 kutoka Olenguruone, ambako baba alifuga ng'ombe na kulima viazi, na shule yetu ilikuwa na madarasa mengi kuliko walimu. Baba alitaka nisome darasa la saba na la nane mjini ili nipate sekondari nzuri. Nikapelekwa kwa dada yake, Anti Selina, aliyekuwa na vyumba viwili katika ploti moja ya nyumba za kupanga, pamoja na mwanawe Brayo. Brayo alikuwa rika langu. Rika, si kimo. Mimi nililelewa kwa maziwa na baridi ya mlimani. Nilimzidi urefu mwalimu wa hesabu, mabega yangu yalikuwa ya kubeba gunia, na fundi aliyenishonea yunifomu alinipima kifua, akanitazama usoni, kisha akapima upya kwa kutojiamini.

Karibu na geti letu palikuwa na banda la mabati la jamaa mmoja aitwaye Fredi, ambaye aliweka televisheni mbili na mashine za gemu, akatundika blanketi kuukuu mlangoni ili jua lisiharibu picha. Ndani palinuka jasho, mandazi na nyaya zilizopata moto. Watoto wote wa mtaa waliishi pale, na gemu waliyoipenda ilikuwa na jimama la chuma mwishoni ambalo ilikuwa lazima ulishinde. Jina lake halisi sikulijua kamwe. Wao walimwita Mama Chuma.

Sasa ngoja niwaeleze ule muziki, maana bila kuuelewa hamtanielewa mimi. Ulipofika kwenye mlango wa mwisho, sauti zote za gemu zilikatika. Ujanja ulikuwa hapo. Unabaki na sauti ya nyayo zako tu, na banda zima linanyamaza bila kuambiwa. Halafu ngoma moja. Du. Du. Mlango unafunguka, Mama Chuma anainuka kitini polepole. Ukimpiga pigo la kwanza, zinaingia fidla. Damu yake ikifika nusu, wanaume wanaanza kuimba kwa lugha isiyo ya mtu yeyote. Ikibaki tone, kila kitu kinakwenda mbio, ngoma juu ya ngoma, na Fredi anafungulia woofa mpaka mabati yanatetemeka na akina mama wanaouza sukuma wiki nje wanalalamika huku wakichungulia. Na kama humwezi Mama Chuma, wimbo hauishi. Unarudi nyuma na kuzunguka tena na tena, kwa sababu mwisho wake, ile sehemu tamu ya tarumbeta inayoshuka kama mtu anayetua mzigo, ilipigwa tu akishaanguka.

Wasichana hawakuingia kwa Fredi. Nilisimama mlangoni, blanketi likinikwaruza shavu, na nawaambia ukweli, hakuna aliyeupenda wimbo ule kunishinda. Nilikuwa mtoto wa kwaya. Kule kwetu kanisani hufundishwi sauti yako tu, unafundishwa na za wenzako, kwa sababu mvua ikinyesha nusu ya kwaya haiji. Baada ya siku chache nilikuwa na wimbo mzima kichwani, umepangwa sauti kwa sauti. Na kwa kuwa sikuwa na rafiki hata mmoja Nakuru, niliwapa nilichokuwa nacho. Pale kwenye bomba la maji nikampa Brayo besi. Wengine nikawapa fidla, waziimbe kwa pua. Mvulana mmoja mdogo nikampa mtungi agonge ngoma. Nikawafundisha wapi pa kupanda na wapi pa kukimbia.

"Manze, huyu dem anajua!" wakasema. Nililala nimefurahi kama mwenda wazimu. Ile tarumbeta ya mwisho tu ndiyo sikuwafundisha, kwa sababu maji yalikatika na kila mtu akaenda zake.

Haikupita wiki. Nilikuwa natoka dukani na unga mkononi nikasikia nyuma yangu, Du. Du. Nikageuka nikitabasamu. Walikuwa wamejipanga vizuri kabisa, kila mtu na sauti yake, na Brayo yuko katikati.

"Mama Chuma anakam!" akapiga kelele. "Anzeni drum!"

Kwa muda mfupi, jamani, nilidhani ni heshima. Nani amewahi kutembea akiimbiwa? Kisha kigunzi cha hindi kikanipiga mgongoni, na papo hapo fidla zikaingia, mahali pale pale nilipowafundisha ziingie.

Ikawa kila jioni nikitoka shule. Nikitembea pole, nao waliimba pole. Nikiharakisha, waliharakisha. Nikikimbia, sauti zote ziliingia pamoja, na nyuma ya sauti vikaja vigunzi, kisha matope, kisha mawe. Nilijaribu kusimama. Nikisimama waliinyamazisha ngoma na kungoja, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mawe. Jiwe moja lilinipasua sikio. Siku hiyo Fredi alitoka mlangoni, akaona damu, akarudi ndani. Nikadhani amekwenda kutafuta kitambaa. Alikwenda kufungulia woofa. Wimbo wenyewe ukatoka bandani kwa nguvu zote, na watu wazima waliokuwa wakinunua mboga wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama mmoja alijifuta machozi.

Nilimwambia Anti Selina. Alikuwa mtu mwema, nisije nikamsingizia. Alinipaka dawa sikioni, akampiga Brayo kofi moja la kuonyesha, akasema, "Ni watoto wanacheza, Chep. Na wewe ni mkubwa hivi, utavunjika wapi?"

Nikakubali. Nilijiambia nitavumilia hadi mtihani wa la nane, mradi nikishaingia getini yameisha. Wimbo haukuvuka geti. Ndani palikuwa na Anti, redio yake na harufu ya mafuta ya chapati, na hapo nilikuwa Chepkoech tu. Kila jioni niliingia nikiwa nimesimama kwa miguu yangu, nao nyuma wakabaki wakizunguka na wimbo usioisha. Nilijivunia jambo hilo. Nilihesabu kwamba nashinda.

Muhula wa tatu ulipokuwa umeanza, Jumamosi moja mchana, nilirudi na mtungi wa maji kutoka bombani. Anti alikuwa anasukuma chapati, mgongo umeelekea mlango. Alikuwa anaimba kwa mdomo uliofungwa. Kijiti cha chapati kiligonga kibao, du, du, na juu yake zikaja fidla, kisha wale wanaume, kisha mbio. Alikuwa na sikio zuri. Ni ukoo wetu. Brayo amekaa kitandani, ameziba mdomo kwa mto akicheka. Anti akageuka akaniona. Hakukatisha. Alinitazama machoni na akaimba ile tarumbeta ya mwisho, yote, ikishuka polepole mpaka chini kabisa. Halafu akasema, "Aa, umerudi? Weka maji hapo."

Nikaweka maji. Siku iliyofuata nilimpigia baba kwa simu ya jirani nikamwambia chakula cha mjini kinanidhuru. Akaja kunichukua. Mwaka mpya ulipoingia, vita vya baada ya uchaguzi vikaingia nao, na shule yetu ya kule juu ikajaa watu waliofukuzwa makwao, wakalala madarasani. Nakuru shule zilifunguliwa mapema kuliko kwetu. Brayo alifanya mtihani wake mwaka huo. Mimi niliufanya baadaye sana, nikiwa mkubwa kuliko wote tena, na ile sekondari nzuri ya baba nikaisikia tu kwa waliosoma huko.

Mwaka jana, siku tuliyopokea mahari ya mdogo wangu, niliketi na Anti Selina nyuma ya jiko tukimenya viazi. Amezeeka, anatembea kwa shida, na bado ananiita Chep. Nikamuuliza kama anaukumbuka ule wimbo.

"Woi, naukumbuka sana," akasema, akacheka.

"Ulijua walikuwa wananiimbia mimi?"

"Kwani nani hakujua?"

"Sasa mbona uliimba, Anti? Na ukiniangalia?"

Alifikiri kwa dhati. Nilimwona akitafuta jibu la kweli, si la kunibembeleza. "Wimbo ulikuwa mtamu, Chep. Na hao watoto walikuwa wanauzungusha tu kila siku bila kuumaliza. Ulikuwa unaniuma hapa," akashika koo. Kisha akaniomba kisu kile kingine, chake kilikuwa butu.

Nikampa kisu. Utotoni niliamini kwamba mtu hawezi kukurushia mawe muhula baada ya muhula bila kukuchukia, na nililala usiku mwingi nikijiuliza niliwakosea nini. Sasa najua hapakuwa na kosa wala chuki. Palikuwa na wimbo mzuri, niliowapangia mimi, na wimbo ule ulihitaji mtu aanguke ndipo uishe. Anti alinipenda siku ile kama alivyonipenda kabla yake, na hata leo ananipenda. Nimetafuta kwake chuki, hata kidogo, nipate kitu cha kusamehe. Sijaiona.